Sura ya Sita: Oili Haipendi Kona

Ukitoka Bujumbura kwenda kusini kwa barabara ya RN3, Ziwa Tanganyika linakuwa kuumeni na milima kushotoni, na kwa sehemu kubwa ya safari hakuna nafasi ya kitu cha tatu. Unapita Mugere, penye jiwe lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871, kisha barabara inazidi kubanwa mpaka Gitaza, kama kilomita 30 kutoka mjini, ambako mlima unashukia karibu moja kwa moja majini. Mwishoni mwa Machi 2015 mlima huo uliishukia barabara yenyewe. Udongo na mawe viliua watu, vikabomoa nyumba na kuikata RN3, na kwa muda msafiri wa Rumonge ilimbidi ashuke garini, apande mashua, akatafute usafiri mwingine mbele ya maporomoko. Barabara ilifunguliwa tena, lakini mvua zikianza vijito bado huteremsha kokoto hadi kwenye lami, na dereva anayekuja kasi kwenye kona hazioni mpaka zimefika chini ya gari lake.

Nimeanza na barabara kwa makusudi. Sura hii inahusu sampu, lile bakuli la oili lililofungwa chini ya injini (mafundi waliosomea Kifaransa huliita karteri), na namna ya kulikata na kuliunda upya ili injini iliyotengenezwa kwa ajili ya gari fulani ikae ndani ya gari unalojiundia mwenyewe nyumbani. Wengi huianza kazi hii kwenye boneti. Injini imesimama juu mno na boneti haifungi, basi wanaishusha. Ikishuka, sampu inagonga reki ya usukani, au inaning'inia chini ya fremu. Basi wanachukua grenda na kuikata sampu. Oili yenyewe, ambayo ndiyo sababu ya sampu kuwapo, inakumbukwa siku injini inaponoki.

Nitakwenda kinyume. Tutaanza na oili, tuulize itakuwa wapi gari likiwa kwenye kona za Gitaza, likipanda vilima vya Muhuta na likifunga breki, halafu ndipo tushike grenda. Jambo moja nalitanguliza, na mengine yote yatalifuata: kinachoiokoa injini ni mdomo wa pampu ya oili kutovuta hewa hata mara moja. Lita ulizomimina zinakuja baada ya hapo.

Kujiundia gari si jambo jipya, wala si la matajiri peke yao. Mwaka 1957 Colin Chapman alianza kuuza Lotus Seven nchini Uingereza kama vipande vya kuunganishwa na mnunuzi, kwa kuwa gari zima lilitozwa kodi ya mauzo na vipande havikutozwa. Mwaka 1973 kodi ilipobadilishwa faida hiyo ikaisha, Chapman akaiachia kampuni ya Caterham gari lile, na linaundwa hadi leo. Ni gari la chini mno. Ukiweka injini ya kawaida ya Ford ndani yake, sampu ya kiwandani inakuwa kitu cha kwanza kugusa barabara, na kwa hiyo waundaji wa Seven walijifunza mapema kufupisha sampu. Sehemu kubwa ya elimu ya kazi hii ilitoka kwao na kwa watu wa mashindano.

Mfano unaotuhusu zaidi ni Africar. Mwaka 1984 Mwingereza Tony Howarth aliunda magari ya mbao za plaiwudi, akayatia mitambo ya Citroën 2CV, akasafiri nayo kutoka Mzingo wa Aktiki hadi Ikweta ili kuonyesha kwamba Afrika inaweza kujengewa gari jepesi la barabara mbovu. Kampuni yake ilianguka kabla ya mwisho wa mwongo ule, na sitaitetea. Lakini uchaguzi wa injini ulikuwa wa mtu aliyefikiri. Injini ya 2CV ina silinda mbili zilizolazwa, moja kila upande, kwa hiyo tangu kiwandani ni fupi na imekaa juu ya ardhi. Howarth hakuhitaji kukata kitu. Anayeweza kuchagua injini inayofaa gari lake ameokoa nusu ya sura hii.

Jirani zetu wa Kenya walilenga mbali zaidi. Nyayo Pioneer ilizaliwa Chuo Kikuu cha Nairobi baada ya Rais Moi kutaka mwaka 1986 gari la Kikenya, na mwaka 1990 yalizinduliwa magari matano ya majaribio, yaliyofikia kasi ya kilomita 120 kwa saa. Kiwanda kilichotarajiwa hakikutoa gari la kuuzwa. Watu hucheka habari ile. Mimi naona magari matano yanayotembea ni kazi kubwa, na mtu aliyewahi kutoboa tundu moja la bolti pasipo penyewe hatacheka.

Mwundaji wa nyumbani haundi injini. Anaiazima, na hapo ndipo shida ya sampu inapoanzia, maana aliyeichora sampu ile alikuwa na gari jingine kichwani. Tuchukue basi injini ambayo kila fundi wa Buyenzi ameishika. Buyenzi ni mtaa wa zamani wa Waswahili wa Bujumbura, wenye gereji na maduka ya spea kila upande, na gari linalopita humo kutwa ni Toyota Probox, lenye injini ya 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,500. Injini ni nyepesi, spea zinapatikana, na haili petroli sana, jambo ambalo mtu aliyekesha kwenye foleni za vituo vya Bujumbura miaka hii hahitaji kuelezwa. Inabeba lita 3.7 za oili ukibadilisha na filta. Tuseme mkazi wa Gitaza anataka kuunda gari dogo la kubebea madumu ya mawese kutoka Rumonge na ndagala kutoka mwaloni. Tairi za nyuma zisukume, injini ikae mbele, na ilazwe kwa urefu wa gari. Ndani ya Probox ilikaa kwa upana. (Kuifunga kwenye giaboksi ya gari jingine kunahitaji sahani ya kuunganishia, na hiyo ina sura yake mbele.)

Kabla ya kuikata tuone oili inafanya nini. Kranki haikai juu ya chuma. Inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele, uliobanwa kati yake na beringi, na utando huo unadumu kwa sababu pampu inaleta oili mpya bila kukoma. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, kranki inazunguka mara 50 kwa sekunde. Pampu ikivuta hewa badala ya oili, hata kwa sekunde moja, beringi inapata povu, utando unakatika, na chuma kinagusana na chuma mara kadhaa kabla dereva hajamaliza kona. Haitakufa siku hiyo. Itachubuka kidogo leo na kidogo kesho, mpaka asubuhi moja konrodi ianze kugonga na mwenye gari aanze kumlaumu aliyemuuzia oili.

Ziwa hili lina ushahidi wake juu ya mafuta na chuma. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa, lakini kwanza mafundi wake waliipaka injini grisi nene. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini na mitambo yake ileile ya mvuke. Grisi iliyokaa mahali pake iliulinda mtambo miaka minane majini. Injini ya Probox ikikosa oili kwenye beringi huku inakimbia haimalizi hata dakika chache.

Sasa hesabu, na naomba msomaji asiiruke. Tuseme sehemu ya chini ya sampu yetu ina upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 25. Injini ikiwa inafanya kazi, si oili yote iliyo chini: nyingine iko kwenye njia zake, nyingine kichwani mwa injini, nyingine inatiririka kurudi. Tukitoa lita 0.7 kwa hayo, zinabaki lita 3, yaani sentimita za ujazo 3,000, na katika bakuli letu zinasimama kwa kina cha sentimita 6. Mwundaji anataka kupata nafasi ya sentimita 3 chini ya gari. Anaona njia rahisi: akate chini, kisha apanue pembeni. Bakuli jipya lina upana wa sentimita 40, urefu uleule wa 25, na oili ileile ina kina cha sentimita 3. Lita hazijapungua hata moja. Anafurahi.

Halafu anaingia kwenye kona. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 30, ukiikata kwa kilomita 50 kwa saa, inakutupa pembeni kwa nguvu ya karibu theluthi mbili ya uzito wako. Uso wa oili nao unainama kwa kiasi hicho, yaani kwa kila sentimita 10 za upana unapanda karibu sentimita 6.6. Ndani ya bakuli la zamani, jembamba na refu kwenda chini, oili inapanda ukuta mmoja na kushuka mwingine, lakini katikati, palipo mdomo wa pampu, kina kinabaki karibu sentimita 6. Ndani ya bakuli jipya oili yote inakimbilia upande mmoja na kujibana katika sentimita 19 za upana. Sentimita 21 zilizobaki ni kavu. Mdomo uko kwenye sentimita ya 20. Ni ileile tofauti ya kubeba mchuzi katika sufuria na kuubeba katika sinia, na kila mtu aliyewahi kutumwa jikoni anaijua bila hesabu.

Kwa hiyo unapofupisha sampu hujapunguza kimo tu, umebadilisha tabia ya oili, na mabawa ya pembeni ambayo yanasifiwa sana na waundaji huongeza lita bila kuongeza usalama mpaka yawekewe kuta. Nasisitiza hapa kwa sababu nimeona michoro mingi ya sampu pana inayohesabu lita kwa uangalifu mkubwa na kuishia hapo.

Kuna jambo la pili ambalo hesabu ya lita hailioni. Tumeigeuza injini. Ndani ya Probox, gari lilipokata kona oili ilikimbia kufuata urefu wa kranki, na lilipofunga breki ilikimbia kwa upana wake. Katika gari letu mambo yamebadilishana. Kuta ndogo alizoziweka mchoraji wa Toyota ndani ya sampu zilikuwa na kazi zake katika mpangilio wa kwanza, na sasa zinazuia mahali pasipo na mashaka na kuacha wazi penye mashaka. Hata kama sampu ya kiwandani ingeingia bila kukatwa, bado ingebidi ifunguliwe na kutazamwa upya.

Jambo la tatu ni vilima. RN3 yenyewe inafuata mwambao na kwa kiasi kikubwa ni tambarare, lakini mizigo haitoki barabarani tu. Njia za kupandia Muhuta ni kali. Mwinamo wa asilimia 20 si sawa na kona ya sekunde tatu, kwa maana unadumu dakika nzima na zaidi, injini ikivuta kwa nguvu zake zote, na nyuma kuna madumu kumi ya lita 20 ya mawese yenye uzito wa kilo 180 na ushei yanayoulaza mkia wa gari chini zaidi. Katika bakuli letu la urefu wa sentimita 25, mwinamo huo unaipandisha oili sentimita 2.5 nyuma na kuishusha sentimita 2.5 mbele. Kama kina cha kawaida ni sentimita 3, mbele pamebaki nusu sentimita na nyuma pana tano na nusu. Ukiweka mdomo wa pampu mbele, hakuna ukuta wala kizuizi kitakachokuokoa, kwa kuwa vizuizi huchelewesha oili na hapa hakuna cha kuchelewesha, imeshahamia nyuma na itakaa huko.

Hapa mwundaji anapaswa kuamua, na uamuzi wangu ni huu: bakuli lenye kina liwe nyuma, na mdomo uwe nyuma. Ndiyo, gari likishuka na kufunga breki oili itakwenda mbele. Lakini wakati wa kushuka mguu umeachia pedali ya petroli, mzigo juu ya beringi ni mdogo, na breki kali ni ya muda mfupi ambao vizuizi vinaweza kuuhimili. Mtu anayeunda gari la mashindano ya uwanja wa lami angeamua tofauti. Huyu wetu anabeba mawese.

Vizuizi vyenyewe si kazi ya ajabu. Kuuzunguka mdomo wa pampu unajenga kijisanduku cha bati, tuseme sentimita 12 kwa 12, chenye vilango vya bawaba vinavyofunguka kuelekea ndani tu. Oili ikija kwa kasi inasukuma kilango na kuingia, ikitaka kutoka inakifunga yenyewe. Kwa kina cha sentimita 3 kijisanduku kinashika karibu lita 0.43. Kama pampu inavuta lita 12 kwa dakika, akiba hiyo inadumu sekunde mbili na kidogo, na robo ya mduara katika kona yetu ya mita 30 inachukua kama sekunde tatu na nusu. Haitoshi peke yake. Ndiyo maana kuta za kijisanduku ziwe ndefu kuliko kina cha kawaida cha oili, ili mkupuo unaoingia mwanzoni mwa kona ujae ndani na usimwagike juu. Juu yake funga bati lenye matundu, linaloitenganisha oili na kranki. Bati hilo lina kazi nyingine: kranki ikiigusa oili inaipiga mpaka itoe povu, na povu pampu hailijui tofauti na hewa. Kwa sababu hiyohiyo dawa ya kujaza oili kupita alama, ambayo madereva wengi huiamini, mara nyingi huzidisha ugonjwa.

Mdomo usikae mbali na sakafu ya sampu wala usiigandamie. Milimita 6 hadi 10 zinatosha. Ukiwa juu zaidi unavuta hewa mapema, na ukiwa chini zaidi sakafu inauziba. Ukiifupisha sampu bila kulifupisha bomba la mdomo, utaligonga siku ya kwanza unapokaza bolti. Na bomba likifupishwa liungwe kwa brasi au kuchomelewa kikamilifu, kwa kuwa tundu la sindano juu ya usawa wa oili linavuta hewa kimya kimya na hakuna atakayeligundua.

Waingereza waliwahi kwenda mbali kuliko wote katika kubana nafasi. Mini ya mwaka 1959, iliyochorwa na Alec Issigonis, iliweka giaboksi ndani ya sampu yenyewe, na vyote viwili vikatumia oili moja. Ilikuwa akili kubwa, na oili ikawa inasagwa na meno ya gia maisha yake yote. Sisemi usiige. Nasema kila sentimita unayoipata chini ya injini kuna mahali unailipa.

Tuje kwenye moto. Injini nyingi za siku hizi, pamoja na 1NZ-FE, zina sampu ya vipande viwili: cha juu ni aluminiamu ya kumiminwa, cha chini ni bakuli la bati la chuma. Fanya kazi yote kwenye bakuli la chuma. Kipande cha juu mara nyingi hushika pia bolti za giaboksi, kwa hiyo ni sehemu ya uti wa mgongo wa injini, na aluminiamu iliyolowa oili kwa miaka hukataa kuchomelewa. Inahitaji gesi ya argoni, usafi wa hali ya juu na mkono uliozoea, na hata hapo huweza kutoa vitundu. Bakuli la chuma fundi yeyote mzuri wa Buyenzi ataliunga.

Adui wa kuchomelea bati ni joto. Ukilichoma bakuli likiwa mezani, ukingo wake wa bolti unajikunja, na hakuna silikoni duniani itakayouziba ukingo uliojikunja. Lifunge kwanza kwa bolti zake zote kwenye bloku ya injini iliyokufa, ambayo Buyenzi haikosekani, au kwenye sahani nene ya chuma. Weka pointi fupifupi, ukiruka kutoka upande huu kwenda ule, uache lipoe, urudi. Liache limefungwa mpaka lipoe kabisa. Kisha lijaribu kabla halijaiona injini: paka chaki maungio yote kwa nje, acha ikauke, mimina mafuta ya taa ndani na uende ukanywe chai. Mafuta ya taa hupenya mahali ambapo maji na oili haviwezi, na ukirudi kila kitundu kimejichora chenyewe kwenye chaki. Ziba, rudia. Halafu safisha ndani mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, kwa sababu punje za kuchomelea ni sumu kwa beringi. Silikoni ya kufungia iwe uzi mwembamba. Inayobanwa kuingia ndani hukatika, huelea, na kuishia kwenye chujio la mdomo wa pampu, na fundi mwingi wa silikoni ameua injini akidhani anaiokoa.

Nati ya kumwagia oili iweke pembeni au nyuma ya bakuli, isichomoze chini. Yenye sumaku ni bora, ili uone kila unapomwaga oili chuma gani kimeanza kulika.

Kuhusu kinga ya chini, wazee wa Afrika Mashariki hawana cha kujifunza kutoka kwa mtu. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ilikuwa shule ya sampu. Mwaka 1963 na tena 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Joginder Singh wa Kenya aliishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant, katika Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika katika mbio, akarudia mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Kasi walikuwa nayo wengi. Aliyeshinda ni yule ambaye gari lake lilifika na oili ndani. Kinga ya gari letu iwe sahani ya chuma ya milimita 3 au 4, ifungwe kwenye fremu na isiguse sampu popote, na iache nafasi ya sentimita moja na nusu au mbili, kwa maana jiwe likiipiga itabonyea. Mbele ipande juu ili ipitie mawe bila kuyakumba. Itoboe matundu: sampu hupozwa na upepo wa chini, na kinga isiyo na tundu inaigeuza oili ya joto la nyuzi 100 kuwa ya nyuzi nyingi zaidi.

Kuna watakaouliza kuhusu sampu kavu, ambayo oili huwekwa kwenye tangi pembeni na pampu za ziada huinyonya kutoka chini ya injini muda wote. Porsche waliitumia katika 911 tangu mwanzo. Inafanya kazi vizuri mno, inaruhusu injini kushuka, na kona haiitishi. Pia inaleta pampu, mkanda, tangi na mabomba ambayo likipasuka moja injini inakufa, na hakuna duka la Rumonge litakalokuwa na spea yake. Kwa gari la madumu ya mawese, hapana.

Sampu ikishafungwa, kijiti cha kupimia oili ni cha uongo mpaka ukifundishe upya. Gari likae mahali tambarare, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Mimina oili kwa kipimo, nusu lita kwa nusu lita, mpaka kiasi ulichokikokotoa, washa injini ijaze filta na njia zake, zima, subiri, kisha piga alama mpya kwa msumeno na futa ya zamani. Usiache alama mbili. Atakayekuja baada yako ataichagua ile mbaya.

Funga geji ya shinikizo la oili mbele ya macho ya dereva. Taa nyekundu ya kiwandani haitoshi, maana huwaka shinikizo likiwa limeshaanguka karibu na sifuri. Mafundi wa mashindano wana kanuni yao ya zamani ya paundi 10 kwa inchi ya mraba kwa kila mizunguko 1,000, na si mbaya kuanzia hapo, lakini kinachotafutwa kwanza ni sindano isiyotetemeka. Nenda uwanja mpana usio na watu na zungusha gari kulia, kisha kushoto, ukiongeza kasi polepole, abiria akitazama geji peke yake. Sindano ikicheza upande mmoja, umejua kilango gani hakifungi. Halafu panda kilima kikali kwa gia ya kwanza ukiwa na mzigo, simama katikati na injini ikiunguruma, na tazama tena kwa dakika nzima. Ukirudi, mwaga oili, ikate filta kwa msumeno, ikunjue karatasi yake juani na uitafute rangi ya shaba.